Kioo kinang'aa jioni, asubuhi kina michirizi: kilichobaki ni nini?

Swali: Shikamoo fundi. Nafanya kazi za ndani Kigamboni, kwenye nyumba yenye madirisha makubwa ya aluminiamu, yale ya kusukuma. Nyumba ni mpya, ilihamiwa mwaka jana. Maji yetu ni ya kisima cha kuchimba. Kila Jumamosi naosha vioo kwa sabuni ya unga, nasuuza, nafuta kwa gazeti. Jioni vinang'aa. Jua la asubuhi likipiga naona michirizi, utando mweupe na madoa ya duara duara. Nimejaribu siki, nimejaribu ile dawa ya bluu ya dukani, nimeongeza na sabuni. Bado. Mama mwenye nyumba anadhani sivifuti. Nakosea wapi?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Nianzie mwisho wa barua yako, maana hapo ndipo paliponiuma. Kioo kisichofutwa hakiwi hivyo. Kina vumbi lililotulia sawasawa kote, na ukipitisha kidole linatoka na kidole. Michirizi na utando mweupe ni alama za mtu aliyefuta, tena kwa bidii, ila kilichokuwa ndani ya maji yake kikabaki kwenye kioo. Msomee mama sehemu hii ukipenda. Nimefanya kazi ya vioo miaka 19, kwanza hotelini, baadaye majumbani na maofisini, na vijana wengi niliowafundisha walinijia wakiwa wamelaumiwa kwa uvivu wakati kosa lilikuwa ndani ya ndoo.

Basi tuanze na ndoo. Chota kikombe kimoja cha maji ya kisima chenu, uyachemshe kwenye sufuria safi mpaka yakauke. Chini utakuta unga mweupe. Maji yameondoka hewani, unga umebaki, kwa sababu chumvi na chokaa haviwezi kupaa na mvuke. Ndivyo inavyokuwa kwenye kioo. Kila tone unaloliacha likauke lenyewe linatua mzigo wake hapo hapo: chumvi yake, chokaa yake, sabuni uliyoitia, na vumbi lililookota njiani. Kuosha kioo ni kuulegeza uchafu kwa maji, halafu kuyaondoa maji hayo kabla hayajakauka. Ukiongeza sabuni kwenye maji yanayokaukia kioo, umeongeza mzigo tu. Ndiyo sababu mambo yalizidi kuwa mabaya kadiri ulivyozidi kujitahidi.

Na kwa nini jioni huoni kitu? Jioni unakitazama kioo uso kwa uso, mwanga ukiwa umetawanyika. Utando ni mwembamba sana, mwanga unaupita. Asubuhi jua la Kigamboni linachomoza upande wa bahari likiwa chini, linakipiga kioo kwa ubavu, na kila chembe inawaka. Huna haja ya kusubiri asubuhi ili ujue umefaulu. Giza likiingia, washa taa ya simu, iweke karibu na ukingo wa kioo ikimulika sambamba nacho, wewe utazame kutoka pembeni. Utaona yote ambayo jua lingekuonyesha kesho. Mimi sipokei kazi ya kijana yeyote kabla sijaikagua hivyo.

Kabla hujasugua tena, ujue kwanza michirizi iko upande gani. Watu hupoteza nusu saa wakisugua ndani alama zilizo nje. Dawa yake ni mazoea madogo: ndani futa kwa mikono ya kulala, kushoto kwenda kulia, nje futa kwa mikono ya kusimama, juu kwenda chini. Ukiona mchirizi wa wima, upo nje. Wa kulala, upo ndani. Kwenye madirisha ya kusukuma kuna na mahali pa tatu panapowashinda wengi, pale kioo kimoja kinapopita mbele ya kingine. Kama husogezi kioo chote mpaka upande wa pili, kuna ukanda mrefu ambao haujaguswa tangu nyumba ihamiwe, na kila ukifungua dirisha unatokea ukiwa na vumbi lake.

Sasa tuseme ni nini hasa kilichobaki. Kwa maelezo yako nadhani una vitu vitatu vilivyopandana: sabuni, chumvi na chokaa. Lakini usiniamini kwa kudhani. Pima.

Sabuni ndiyo rahisi kuithibitisha. Chukua kitambaa safi kabisa na maji matupu yasiyo na chochote. Lowesha kipande cha kioo ulichokiosha Jumamosi, ukisugue kwa mkono. Povu likitokea, hata dogo jeupe la kuteleza, hiyo ni sabuni ya wiki zilizopita. Mimi natarajia utaliona. Sabuni ya unga imetengenezwa kwa nguo, na nguo husuuzwa mara mbili tatu kwenye maji mengi. Ndani yake mna magadi na chumvi nyingine za kusaidia povu na kuongeza uzito, na vitu hivyo vikikauka vinarudi kuwa unga. Kwenye shati hauonekani, kwenye kioo unaonekana kama ukungu. Sabuni ya mche nayo ina tatizo lake: ikikutana na maji yenye chokaa inashikana nayo na kuwa utando mzito kama nta, ule ule unaouona ukingoni mwa beseni la kuogea. Huo haukubali kusuuzwa. Kwa vioo tumia sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, kijiko kimoja cha chai kwenye lita 5 za maji. Utaona ni kidogo mno na mkono utakuwasha kuongeza. Usiongeze. Kazi ya sabuni hapa ni kuyafanya maji yatandae na yateleze, basi. Povu jingi halisafishi zaidi.

Kuhusu chumvi na chokaa nitakaa kidogo, kwa sababu lugha yetu wenyewe imetuchanganya. Huku pwani maji yoyote ya kisima yasiyotoa povu la sabuni vizuri tunayaita maji ya chumvi, tukaishia hapo. Kumbe jina hilo moja limebeba vitu viwili vyenye tabia tofauti kabisa. Kuna chumvi yenyewe, ndugu ya chumvi ya kupikia, inayoingia visimani karibu na bahari na inayorushwa na upepo juu ya madirisha. Na kuna chokaa, inayotoka kwenye mawe ya matumbawe na udongo ambamo maji yamepita, ile inayotengeneza ukoko mgumu ndani ya birika la kuchemshia maji. Chumvi inayeyuka kwenye maji matamu bila kubembelezwa. Chokaa ikishakauka haiyeyuki kwa maji hata ukiyamwaga siku nzima. Inataka tindikali, yaani siki au ndimu. Anayetumia siki dhidi ya chumvi anapoteza siki, na anayetumia maji dhidi ya chokaa anapoteza siku.

Utazitofautishaje? Tazama kwanza saa. Chumvi inavuta unyevu wa hewa. Unyevu ukipita kama asilimia 75, jambo ambalo pwani hutokea usiku mwingi, chumvi iliyoshika kioo inaanza kulowana yenyewe. Ukiamka unakuta kioo kina ukungu unaonata, na mchana jua likikaza ukungu unakauka kuwa vumbi jeupe jepesi. Kioo chenye sura ya asubuhi na sura ya mchana kina chumvi. Chokaa haibadiliki, saa moja asubuhi na saa nane mchana ni ile ile. Halafu tazama umbo. Yale madoa yako ya duara, yenye ukingo mweupe kuliko katikati, ni matone yaliyokauka mahali yalipotua. Tone linapokauka, maji yake hukimbilia pembezoni na kubeba mzigo kwenda huko, ndiyo maana duara linachorwa ukingoni. Mwisho, weka tone la siki nyeupe juu ya doa moja, subiri dakika 5, halafu lifute kwa kitambaa chenye unyevu. Mahali palipotoka pakiwa safi huku jirani yake hapajabadilika, hiyo ni chokaa.

Umesema siki ilikushinda. Naomba nikisie: uliitia ndani ya ndoo yenye sabuni ya unga, au uliipuliza ukafuta papo hapo, kisha ukasuuza kwa maji yale yale ya kisima. Magadi yaliyo kwenye sabuni ya unga yanaiua tindikali ya siki, vikabaki vitu viwili visivyofaa kitu. Siki hutumika peke yake, baada ya sabuni kusuuzwa. Changanya kikombe kimoja cha siki nyeupe na kikombe kimoja cha maji, lowesha kitambaa, kibandike juu ya madoa na ukiache hapo dakika 5 mpaka 10 kikiwa kimelowa. Kwa chokaa ya mwaka mzima rudia mara mbili tatu badala ya kusugua kwa nguvu. Ndimu inafaa pia, ila ichuje vizuri, na suuza sana, maana ina sukari na nyuzi zake ambazo nazo huacha utando. Siki isichuruzike kwenye kizingiti cha marumaru au terazo, itakila. Na isikae muda mrefu kwenye aluminiamu.

Nisimame hapa kwa jambo moja zito. Siki usiichanganye kamwe na Jik wala dawa yoyote ya kung'arisha nguo nyeupe, hata kwa kufuatanisha kwenye ndoo ile ile bila kuiosha. Mchanganyiko huo unatoa hewa ya klorini, inayounguza mapafu. Baadhi ya dawa za vioo zina amonia, na hizo nazo haziendi pamoja na Jik. Unafanya kazi ndani ya vyumba, mara nyingi peke yako. Mabafuni ndiko ajali hii inakotokea zaidi, lakini ndoo ya bafuni na ndoo ya vioo kwenye nyumba nyingi ni moja.

Turudi kwenye maji, kwani hata ukifanya yote sawasawa, ukimalizia kwa maji ya kisima chenu umerudisha ulichokitoa. Huwezi kubadilisha kisima, lakini maji ya mwisho unaweza kuyachagua. Fanya jaribio hili: chukua sahani nyeusi au kioo cha kujitazamia, weka tone la maji ya kisima, tone la maji ya mvua, tone la maji ya bomba kama mnayo, na tone la maji yanayodondoka kutoka kwenye AC. Andika kikaratasi chini ya kila moja, uyaache yakauke kivulini. Tone lisiloacha duara ndilo maji yako ya kusuuzia. Kwenye nyumba nyingi za pwani mshindi ni maji ya AC. Ni mvuke wa hewa uliogeuka maji juu ya chuma baridi, hayajagusa udongo wala mwamba, hayana chumvi wala chokaa. Kwa hewa yetu yenye unyevu, AC ya chumba cha kulala hutoa maji ya kutosha kabisa kwa usiku mmoja, na watu wanaiacha ikichuruzika kwenye ukuta mpaka unaota ukungu. Weka ndoo chini ya bomba lake. Yachuje kwa kitambaa, kwa sababu huwa na vumbi na utelezi wa ndani ya mashine. Si ya kunywa. Kwa kioo sijaona yanayoyazidi. Maji ya mvua nayo ni mazuri, ila acha mvua ya kwanza ioshe bati kabla hujakinga.

Kuna wanaouliza kama kuchemsha maji ya kisima kunasaidia. Kunasaidia nusu. Sehemu ya chokaa hujitenga na kushika kwenye sufuria, chumvi inabaki yote, na mkaa au gesi imekwenda.

Gazeti sasa. Wazee wetu walilipenda kwa sababu halina manyoya kama kitambaa kipya, na kwa kukausha kioo ambacho tayari ni safi linafanya kazi. Lakini gazeti haliondoi sabuni wala chokaa. Linazitandaza tu ziwe nyembamba zaidi, ndiyo maana jioni unadhani umeshinda. Wino wake huchafua fremu nyeupe, na likilowa linachanika na kuacha vipande kwenye reli. Liache. Chukua khanga kuukuu ya pamba, iliyofuliwa mpaka imelainika, au vitambaa vile vya maikrofaiba. Khanga mpya ina wanga, usiitumie. Na kitambaa chochote cha vioo kisifuliwe kwa ile dawa ya kulainisha na kunukisha nguo, kwa sababu inapaka nyuzi mafuta, na mafuta hayo yanahamia kwenye kioo. Uwe na vitambaa vitatu vyenye rangi tofauti: cha kuoshea, cha kusuuzia, cha kukaushia. Cha kukaushia kikishaloa kimekwisha kazi, chukua kingine. Nusu ya michirizi ya nusu duara ninayoiona majumbani ni kitambaa kimoja kilichofuta nyumba nzima.

Ile dawa ya bluu si mbaya. Ni ya alama za vidole na mafuta mepesi kwenye kioo kisicho na vumbi. Ukiipuliza juu ya vumbi unatengeneza tope. Ukiipuliza juani inakauka kabla kitambaa hakijafika.

Nyumba ikiwa mpya kuna na mabaki ya ujenzi. Matone ya rangi, gundi ya karatasi iliyobandikwa kiwandani, na silikoni ambayo fundi aliipaka ukingoni kisha akaisambaza kwa kidole. Silikoni hutoa utando wenye rangi za upinde kama mafuta juu ya dimbwi, na maji yakipita juu yake yanajikunja badala ya kutandaa. Sabuni haiigusi. Gundi na mafuta ya jikoni hutoka kwa spiriti kidogo kwenye pamba, mbali na moto na madirisha yakiwa wazi. Silikoni iliyokauka na rangi zinakwanguliwa kwa wembe mpya, kioo kikiwa kimelowa maji ya sabuni, ukisukuma upande mmoja tu bila kurudisha nyuma. Wembe usipite kwenye kioo kikavu, usipite kwenye kioo chenye karatasi ya tinti, na kama pembeni mwa kioo kuna chapa ndogo inayoonyesha ni kile kigumu cha usalama, usiuguse bila mwenye nyumba kukubali. Waya wa kusugulia masufuria usiusogeze karibu kabisa. Nilipokuwa mwanafunzi wa kazi, msimamizi wangu kwenye hoteli moja aliniamuru nitumie waya ule kwenye mlango wa kioo, na mikwaruzo yake bado inaonekana jua likiingia.

Haya, Jumamosi ijayo fanya hivi. Chagua saa kwanza. Madirisha ya mashariki yaoshe baada ya saa nane mchana, ya magharibi kabla ya saa nne asubuhi, ili kioo kisiwe na joto la jua. Kioo cha moto kinakausha maji kabla mkono haujarudi, na hakuna ufundi unaoweza kushindana na hilo.

Anza na wavu wa mbu. Utoe, uupige vumbi, uuoshe nje, uuache ukauke. Wavu ulioachwa mahali pake wenye vumbi ni michirizi ya mvua ya kwanza. Kisha reli: toa mchanga kwa brashi kavu kabla ya tone lolote la maji, la sivyo unafanya tope. Kisha fremu na mipira yake, uzioshe na uzikaushe. Kioo ni cha mwisho. Ukiona michirizi ya wima inayoanzia juu kwenye fremu, nusu saa baada ya kumaliza, ni maji machafu yaliyojificha kwenye mpira wa fremu yakashuka wakati umegeuka.

Kwa nje, mwagia kioo maji kwanza kabla ya kukigusa na kitambaa. Msimu wa kusi upepo unaleta manyunyu ya bahari na mchanga mwembamba, na anayeanza kwa kufuta kikavu anakisugua kioo kwa mchanga. Maji haya ya kwanza yanaweza kuwa ya kisima, hayana shida. Fuatisha kitambaa chenye maji ya sabuni, mara moja kwa nguvu ya wastani, pembe zote nne. Suuza. Kama kuna chokaa, sasa ndiyo zamu ya siki, kisha suuza tena. Maji ya AC yawe ya mwisho, kwa kitambaa kilicholowa vizuri, na papo hapo yaondoe.

Kuyaondoa kuna njia mbili. Kama dirisha halina nondo, au nondo ziko upande mmoja tu, tumia kile kifaa chenye mpira mrefu na mpini ambacho wengi hukiita skwiza. Ni kifaa cha kuheshimiwa. Mafundi wa zamani Marekani walikuwa na kizito cha chuma chenye mipira miwili na skrubu 12, mpaka Ettore Steccone, mhamiaji kutoka Italia aliyekuwa fundi vioo Oakland, California, alipopata hataza ya chepesi chake cha mpira mmoja mwaka 1936. Tunavyotumia leo vinafanana na chake kwa karibu kila kitu. Mpira mmoja mkali ulionyooka unayakusanya maji pamoja na mzigo wake na kuyashusha yote chini. Hayapati nafasi ya kukaukia kwenye kioo.

Siri yake ni kuanza pakavu. Kausha kwa kitambaa ukanda wa vidole viwili juu kabisa ya kioo na ubavuni, weka mpira kwenye ukanda huo, uvute kushuka ukiwa umeinama kiasi, kama nusu ya pembe mraba. Kila ukimaliza mvuto mmoja futa mpira. Mvuto unaofuata uupande uliotangulia kwa vidole viwili. Usipoupanda utaacha mstari mwembamba wa maji katikati. Mstari unaotokea mahali pale pale katika kila mvuto unakuambia mpira una kovu, ugeuze ukingo wa pili au ubadilishe. Mpira ukiruka ruka na kulia, ama sabuni imepungua mno au umekauka kwa uzee. Ukimaliza, pitisha kitambaa kikavu ukingoni tu. Usirudi katikati kufuta kialama kidogo kwa kidole, utaleta doa kubwa kuliko lililokuwapo.

Lakini najua madirisha ya Dar. Mengi yana nondo, na skwiza ya kawaida haipiti. Tafuta ndogo ya upana wa kiganja, au tumia vitambaa viwili: cha kwanza kikavu kiasi kinachukua maji, cha pili kikavu kabisa kinafuata mara moja, kipande kwa kipande. Usiloweshe kioo kizima. Lowesha eneo unaloweza kulikausha kabla ya kuhesabu 30, kisha uende kwenye jingine. Vioo vingi vya kusukuma vinanyanyuka na kutoka kwenye reli kwa ndani, lakini ni vizito. Kazi hiyo muwe wawili, na mama awe amekubali. Na kama kuna ghorofa, nakuomba kama ninavyomwomba binti yangu: usikanyage kizingiti wala kutoa mwili nje ya dirisha kwa sababu ya kioo. Upande wa nje wa juu una watu wake wenye kamba na mikanda. Asiye na kamba aufute ule mkono unapofika akiwa amesimama sakafuni, na panapobaki pabaki.

Kuna madoa ambayo hata hayo yote hayatayatoa, na ni haki yako mama ayajue mapema. Maji ya kisima yakirushwa na bomba la bustani kwenye kioo kile kile kila siku, au maji ya mvua yakishuka kutoka kwenye zege na plasta mpya juu ya dirisha, kwa muda mrefu yanaanza kukila kioo chenyewe. Dalili yake: ukilowesha, doa linatoweka kabisa, likikauka linarudi lilivyo, siki isilipunguze hata chembe. Hapo kinachoonekana ni ngozi ya kioo iliyochubuka, hakuna kitu cha kuondoa. Hutengenezwa kwa kupolishwa na mafundi wenye mashine na unga maalumu, au kioo hubadilishwa. Kuna watu hupita wakiuza tindikali kali za "kutoa madoa yote ya vioo". Baadhi yake hupenya ngozi mpaka kwenye mfupa. Usizipokee mkononi mwako. Na kama bomba la bustani linafika madirishani, lielekezwe kwingine kuanzia leo, kwa sababu hilo linaharibu kila wiki zaidi ya unavyoweza kurekebisha.

Sabuni ya zamani haitaisha kwa siku moja. Jumamosi ya kwanza huenda ukahitaji kuosha kwa maji matupu mara mbili tatu mpaka povu likome, ndipo uanze hesabu mpya ya kijiko kimoja cha chai. Kwa hiyo usianze na nyumba nzima. Chukua dirisha moja la mashariki, lile linalomulikwa zaidi, ulifanye hivi nilivyoeleza, na jirani yake ulioshe kwa njia yako ya siku zote. Jumapili saa moja na nusu asubuhi mwite mama msimame wote wawili mbele ya madirisha hayo.